Bakshishi ya Mezani: Je, Aliye Jikoni Hana Fungu?

Jumapili moja alasiri tulikwenda kumtembelea mama mwenzetu anayekaa pembeni mwa mji wa Moshi. Tulitazamia kunywa chai na kuzungumza habari za kikundi chetu. Lakini tulipobisha hodi tulisikia sauti za mabinti wawili wakijibizana uani. Mwenyeji wetu alitukaribisha kwa haya kidogo, akatukalisha, kisha akatueleza kisa chote.

Mabinti wake wawili wanafanya kazi katika hoteli moja ya chakula mjini. Mkubwa ni mhudumu wa mezani. Mdogo yuko jikoni: anamenya viazi, anapaa samaki, na jioni anaosha vyombo. Asubuhi wanapanda basi dogo pamoja, na usiku wanarudi pamoja. Lakini hawarudi na mfuko ulio sawa. Mkubwa ana mshahara wake na pia bakshishi anazopewa na wageni. Mdogo ana mshahara peke yake, na mikono iliyochunika kwa sabuni.

Siku ile mdogo alikuwa ametoa neno lililomkaa moyoni kwa muda mrefu. "Dada," alisema, "yule mgeni alisifu samaki. Samaki nilimpaa mimi, na mpishi akamkaanga. Wewe ulimbeba tu mpaka mezani. Mbona shukrani zote ziliishia mfukoni mwako?"

Dada yake naye hakunyamaza. "Mdogo wangu, fedha ile niliwekewa mimi mkononi. Na chakula kilipochelewa, ni nani aliyefokewa mbele ya watu? Ni wewe uliyekuwa jikoni, au ni mimi?"

Mama yao alitugeukia akatuuliza, "Nyinyi mngesemaje? Wote wawili ni wanangu."

Tunakiri kwamba hatukuwa na jibu la haraka. Tulikunywa chai yetu, tukaahidi kulifikiri jambo hili. Tumeona vema kuwashirikisha na ninyi, wasomaji wetu wapendwa, kwa maana wengi wetu tuna watoto au wadogo zetu wanaofanya kazi hotelini. Tena swali hili linagusa hata nyumba zetu, kama mtakavyoona mwishoni.

BAKSHISHI NI YA NANI?

Neno bakshishi limetujia kutoka Uajemi, likipitia kwa Waarabu, nalo maana yake ni zawadi. Sisi tuna majina mengine pia: "ya soda", "chai", na siku hizi "tipu". Jina lolote tulitumie, jambo ni lile lile. Mtu ameridhika, naye anaongeza kitu juu ya bei kwa hiari yake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Hapo ndipo shida inapoanza. Zawadi ni mali ya aliyepewa. Lakini mgeni anapoacha noti chini ya kisahani, je, amempa yule msichana aliyemletea chakula, au ameishukuru hoteli yote? Mara nyingi mgeni mwenyewe hajajiuliza. Ameshiba, ameona uso mmoja tu wenye tabasamu, na uso huo ndio aliouacha na noti. Wengine waliomtumikia hakuwaona kabisa.

HOJA YA ALIYE MEZANI

Hebu kwanza tumsikilize binti mkubwa, maana ni rahisi kumhukumu kuwa mchoyo.

Mhudumu ndiye anayepokea hasira za kila mtu. Nyama ikiwa ngumu, lawama ni zake. Soda ikiwa ya moto, ni yeye. Katika hoteli nyingi za kwetu, mteja akitoroka bila kulipa, bili hukatwa katika mshahara wa mhudumu. Bilauri ikivunjika, hukatwa vilevile. Tena kuna wanaume wanaodhani kwamba kwa kuwa wameagiza chakula, wamepewa ruhusa ya kumshika mhudumu mkono au kumsemea maneno machafu. Binti wa jikoni hayaoni hayo.

Zaidi ya hayo, anauliza: kwa nini mimi nimlipe mpishi? Mpishi ana mwajiri. Kama mshahara wa jikoni hautoshi, mwenye hoteli na auongeze. Isiwe kwamba maskini anamkatia maskini mwenzake, huku tajiri ametulia kaunta akihesabu mauzo.

Na mwisho kuna hesabu ya nyumbani. Binti huyu ana mtoto anayesoma. Bakshishi zake si fedha za kuchezea. Zimekwisha kupangiwa kazi kabla hazijapatikana. Ndizo zinazonunua madaftari na sare za shule. Akigawa sehemu, kuna kitu nyumbani kitakachopungua. Lazima tulitambue hilo kabla ya kumhubiria juu ya ukarimu.

HOJA YA ALIYE JIKONI

Sasa tumgeukie mdogo. Sisi akina mama tunalijua jiko. Tunajua joto lake, moshi wake, mafuta yanayoruka, na kisu kinachoteleza ukiwa umechoka. Lakini sisi tunapikia watu sita au saba. Yeye na wenzake wanapikia watu mia, siku baada ya siku, wakiwa wamesimama tangu asubuhi.

Mtu wa jikoni hana nafasi ya kutabasamu kwa mgeni. Hata akifanya kazi kwa ubora kiasi gani, hakuna mkono utakaomfikia. Na kazi yake ikiharibika, mezani hakuna bakshishi kwa mtu yeyote. Mhudumu mchangamfu hawezi kuokoa wali ulioungua. Hata sahani safi na uma usio na harufu ya shombo ni sehemu ya furaha ya mgeni, ingawa hakuna anayeagiza sahani safi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Yako pia mambo yanayotendeka kimyakimya, nasi tumesimuliwa na zaidi ya mtu mmoja. Mhudumu asiyekumbuka jikoni, oda zake huchelewa kuliko za wenzake. Anayewaachia chochote kitu hupewa kwanza, na paja nono huwa lake. Basi tayari kuna kugawana, ila ni kugawana kwa hila na kwa siri, kunakofanana na hongo. Je, si afadhali kugawana waziwazi?

WENGINE WAMEFANYAJE?

Jambo hili limezisumbua nchi kubwa pia, hata likafika bungeni.

Nchini Marekani, sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepata bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi zake zifikishe malipo yake kwenye kima cha chini cha kawaida. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1991. Kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25, nacho hakijapandishwa tangu mwaka 2009. Baadhi ya majimbo, kama California, yamekataa mpango huo na kumtaka mwajiri alipe kima kamili kabla ya bakshishi yoyote.

Kwa miaka mingi sheria hiyo ya taifa ilitaka mfuko wa pamoja wa bakshishi uwe wa wale wanaozipokea kwa desturi, yaani wahudumu na wenzao wa mezani. Mwaka 2018 ilibadilishwa. Mwajiri anayewalipa wafanyakazi wake wote kima kamili aliruhusiwa kuweka mfuko unaowaingiza wapishi na waosha vyombo. Lakini sheria hiyo hiyo iliweka ukuta: mwenye hoteli, mameneja na wasimamizi wasitie mkono katika bakshishi za wafanyakazi.

Kule New York, mwenye mikahawa mashuhuri aitwaye Danny Meyer alijaribu njia nyingine. Mwaka 2015 alitangaza kuondoa kabisa bakshishi katika mikahawa yake na kupandisha bei ya vyakula, ili awalipe vizuri zaidi watu wa jikoni, ambao mapato yao yalikuwa yamebaki nyuma sana ya mapato ya wahudumu. Lilikuwa wazo jema. Hata hivyo baadhi ya wahudumu wake wa siku nyingi waliondoka, na mwaka 2020 alirudisha bakshishi. Hapo tunajifunza kwamba nia njema peke yake haitoshi. Aliyezoea kupata lazima ashirikishwe katika mashauri.

Uingereza nayo ilikuwa na aibu yake. Mpaka mwaka 2009, mwajiri aliweza kuzihesabu bakshishi kuwa sehemu ya kima cha chini cha mshahara. Yaani mgeni alidhani anamzawadia mhudumu, kumbe anamsaidia tajiri kulipa mshahara! Jambo hilo lilikatazwa mwezi wa Oktoba mwaka huo. Kisha ikatungwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 katika England, Scotland na Wales. Inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi zote bila kukata kitu, azigawe kwa haki na kwa uwazi, na aweke taratibu zake kwa maandishi na kumbukumbu za ugawaji. Mfanyakazi ana haki ya kuomba kuona kumbukumbu hizo. Angalieni kwamba sheria haikutaja mpishi apate kiasi gani. Ilichotaja ni haki na uwazi.

MFANO ULIO KARIBU: MLIMANI

Lakini kwa nini tuende mbali? Mama yule ana mtoto wa tatu, mvulana, naye ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Siku ile alikuwa amekaa kibarazani akipumzisha miguu, akiwasikiliza dada zake. Ndipo akasema, "Mama, haya sisi mlimani tunayajua."

Mlima ule una urefu wa mita 5,895, na hakuna mgeni anayefika kileleni kwa nguvu zake peke yake. Kuna kiongozi na wasaidizi wake, kuna mpishi anayepika ndani ya hema huku upepo ukivuma, na kuna wapagazi wanaobeba mahema, vyakula, majiko na hata viti. Anayezungumza na mgeni siku zote ni kiongozi. Wapagazi hutangulia mbele kusimamisha kambi, na mgeni huenda asijue majina yao. Hata hivyo, mwisho wa safari bakshishi hutolewa kwa ajili ya kikosi chote, kila mtu kwa fungu lake. Kiongozi hupata zaidi, mpishi hufuata, na mpagazi hupata chake.

Je, mlimani hakuna malalamiko? Yapo, na kijana huyo hakuyaficha. Mara nyingine bahasha hukabidhiwa kiongozi peke yake, na wapagazi hawajui ndani yake mlikuwa na kiasi gani. Wanapewa wanachopewa na kuambiwa washukuru. Mjini Moshi uko mradi uitwao Kilimanjaro Porters Assistance Project, ulioanza mwaka 2003, ambao umekuwa ukihimiza wapagazi watendewe haki, na bakshishi zitolewe kwa uwazi ili kila mmoja ajue fungu lake.

Katika hoteli nyingi za mbugani nako huwekwa sanduku moja mapokezi, kwa ajili ya wafanyakazi wote: mpishi, mfua nguo, mtunza bustani na mlinzi wa usiku. Kwa hiyo kugawana si jambo la kigeni kwetu. Swali ni kama tunagawana mchana au gizani.

NENO LA ZAMANI SANA

Tulipokuwa tukitafakari, tulikumbuka habari iliyo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 30. Waamaleki walikuwa wameuteketeza mji wa Siklagi na kuwachukua mateka wanawake na watoto. Daudi aliondoka na watu 600 kuwafuatia. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka mno, wakabaki na mizigo. Wengine 400 walivuka, wakapigana, wakawaokoa wake na watoto na kurudi na mali nyingi.

Ndipo baadhi ya wale waliopigana wakasema kwamba waliobaki nyuma wasipewe mali ile. Kila mmoja achukue mke wake na watoto wake aende zake, basi. Daudi alikataa. Aliona kwamba walichokipata hakikuwa cha mikono yao tu, akaamuru aliyekaa na mizigo apate fungu sawa na aliyekwenda vitani, na jambo hilo likawa desturi katika Israeli.

Hatusemi kwamba hoteli ni uwanja wa vita, wala kwamba ni lazima mafungu yalingane kila mahali. Tunaona tu kwamba ugomvi wa wale mabinti wawili si wa jana wala juzi, na kwamba aliyebaki nyuma na mizigo alihesabiwa kuwa mwenzi katika kazi.

NAMNA YA KUGAWANA BILA KUGOMBANA

Baada ya kuzungumza na watu waliokaa katika kazi hii, tunaona mambo matano yafaa kuangaliwa.

Kwanza, makubaliano yatangulie fedha. Watu wakae pamoja, wa mezani na wa jikoni, wapatane kabla ya kopo kujaa. Ukingoja mpaka fedha ziko mezani, kila jicho huona fungu lake tu.

Pili, mafungu yapimwe kwa haki. Tutoe mfano. Tuseme hoteli ina wahudumu 4, wapishi 2 na waosha vyombo 2, na bakshishi za wiki ni shilingi 200,000. Wanapatana kila mhudumu awe na alama 3, na kila mtu wa jikoni alama 2. Jumla ni alama 20, na kila alama ni shilingi 10,000. Basi kila mhudumu anapata 30,000, na kila mtu wa jikoni 20,000. Tusidanganyane: bila kugawana, kila mhudumu angepata 50,000. Anaacha 20,000, na hiyo ni sadaka ya kweli. Ndiyo maana yeye anastahili alama nyingi zaidi, na ndiyo maana hafai kulazimishwa kwa ujanja. Wengine wataona mhudumu abaki na sehemu kubwa kuliko hiyo, nao wana haki ya kupatana hivyo.

Tatu, hesabu ifanywe na watu wawili, mmoja wa kila upande, mbele ya wenzao, na iandikwe katika daftari. Siku hizi wageni wengi hutuma bakshishi kwa simu, moja kwa moja kwenye namba ya mhudumu. Hizo nazo ziingie katika daftari, la sivyo kopo litabaki na sarafu tu, na maneno yataanza upya.

Nne, mwenye hoteli na meneja wakae mbali na kopo. Kazi yao ni kutoa kufuli, si kuchukua fungu. Wala bakshishi isiwe kisingizio cha kutopandisha mshahara. Mpishi akiambiwa, "Si unapata ya kopo?" basi tajiri amekula bakshishi bila kuigusa.

Tano, bili ya mteja aliyetoroka isibebwe na mhudumu peke yake. Mtu hawezi kugawana faida na wenzake huku hasara zote zikibaki zake.

MWISHO WA KISA

Tulirudi kwa yule mama baada ya miezi miwili. Mambo hayakuwa yamenyooka yote. Mhudumu mmoja alikataa kata kata kuingia katika mapatano, na hakuna aliyemlazimisha. Lakini watatu walikubali kujaribu, na kopo lenye kufuli likawekwa karibu na mlango wa jikoni. Binti mkubwa alitwambia ukweli wake bila kuficha: mwezi wa kwanza aliumia, na sare ya mtoto ilichelewa wiki mbili. Hata hivyo aliona jambo moja. Oda zake zilianza kutoka kwa wakati, na kufokewa kukapungua. Mgeni akiuliza ni nani aliyepika, sasa alikwenda kumwita mpishi aje asikie mwenyewe.

Mdogo alikuwa amenunua viatu vya mpira, kwa sababu sakafu ya jikoni huteleza. Alituonyesha kwa furaha. Mama yao hakusema mengi. Aliwatazama tu wakipeana sukari mezani.

Tulipokuwa njiani kurudi, mmoja wetu alisema jambo lililotunyamazisha wote. Alisema, "Na sisi je?" Wageni wanapokuja nyumbani kwetu, hula, hushiba, hutusifu. Wakiondoka, humpa noti mtoto aliyewanawisha mikono, na sisi tunatabasamu. Lakini msichana wa kazi, aliyeamka kabla ya jogoo, akakuna nazi na kupepeta mchele, yuko uani anasugua masufuria. Ni mara ngapi tumemwita sebuleni tukasema mbele ya wageni, "Huyu ndiye aliyepika"? Ni mara ngapi noti ile imemfikia? Katika harusi zetu nako, wahudumu waliovaa sare hushangiliwa, na akina mama waliokesha kwenye moshi hupewa ukoko.

Kwa hiyo, mama mpendwa, kama una binti hotelini, zungumza naye habari hii kwa upole, na msikilize kabla hujamwelekeza. Ukila hotelini nawe ukaridhika, uliza, "Je, hii inafika na jikoni?" Swali hilo peke yake litafanya kazi. Na jioni ya leo, sahani zitakapokuwa tupu, ingia jikoni kwako umwangalie aliye huko. Kama ni binti yako, kama ni msichana wa kazi, mwambie asante kwa jina lake. Kama ulipewa kitu kwa ajili ya chakula alichopika, mpe fungu lake.